Mgao wa Wasio na Mtu

Lililonikosesha usingizi msimu ule lilikuwa swali dogo la njiani: mwanamke akimwona mzee anakuja, akaacha njia na kujificha, amejificha kwa nini? Nililigeuza kila upande. Labda aliogopa. Labda kichwa kilimuuma, kama walivyosema wengine. Labda ni mazoea tu ya mwili, kama mtu anavyoinama mlangoni kwa mlango ambao siku hizi ni mrefu. Lakini kama sababu ilikuwa ile moja ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua, basi kijana tuliyemwombea kanisani kama marehemu alikuwa hai, baba yake alikuwa anakula chakula kisichomhusu, na bibi mmoja mfinyanzi alikuwa anakosa chakula hicho hicho. Na aliyetakiwa kusema alikuwa mimi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Wadachi walikuwa bado wanatutawala, Wangereza wako ng'ambo ya mto Songwe, na sisi wa pwani ya ziwa tulikuwa katikati, tukilisha jeshi. Askari walichukua ng'ombe kwanza, kisha mpunga, kisha wanaume wa kubeba mizigo. Aliyekimbia mizigo alitafutwa. Asipopatikana, mkewe alifungwa bomani mpaka mume ajitokeze, na mume akijitokeza alitiwa mnyororo, na kuna walionyongwa. Mambo haya hatukuhadithiwa. Tuliwajua watu wenyewe kwa sura.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, karibu na soko la Lyulilo, nikabakizwa pale kuwa msaidizi wa mwalimu. Kazi yangu hasa ikawa mgao. Boma lilikuwa limeiachia misheni sehemu ya mpunga kwa ajili ya wazee wasio na mtu, yaani wasio na mtoto wala ndugu wa kuwalisha, na mzee aliyekuwa kwenye mgao askari hawakuingia kwake kudai chochote. Watu waliuita hivyo hivyo, mgao wa wasio na mtu. Kila Jumamosi walikaa mstari mbele ya ghala, mimi nikashika pishi na kuwapimia, na Bwana misheni, Mzungu mkuu wa pale, alisimama kando akiwasalimu kwa Kinyakyusa chake kizuri. Mpunga ulitosha watu wale tu. Akifa mmoja, au akipata mtu wa kumlisha, ndipo mwingine aliingia.

Wa kwanza kungoja nafasi alikuwa bibi wa Kikisi, mfinyanzi, kutoka upande ule ambako milima inashuka moja kwa moja majini na hakuna njia ila kwa mtumbwi. Wanawe wawili walizama ziwani, mumewe alikufa zamani. Wanawake wa kwao huleta vyungu Lyulilo, na bei ya chungu ni kile kinachokijaza: mnunuzi akitaka chungu anakijaza mahindi au maharage, anayamwaga kwenye kapu la mfinyanzi, anaondoka na chungu. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na cha kujaza. Bibi yule alikuja na vyungu, akarudi na vyungu. Akawa anapiga kasia kila Jumamosi kuja kukaa nyuma ya mstari wetu, na mstari ukiisha alisimama, akasema "Ndaga," yaani asante, ingawa hatukumpa kitu, akateremka ufukoni.

Katika waliokuwa kwenye mgao alikuwamo jirani yetu mmoja. Mwanawe alikuwa rika langu. Kwetu wavulana wa rika moja hujenga kijiji chao, wanachunga pamoja na kula pamoja, nyumba ya mama wa huyu leo, ya mama wa yule kesho, na kwa miaka mingi nilikula ndizi katika sinia moja na kijana yule. Alichukuliwa kubeba mizigo mwaka wa kwanza wa vita. Baada ya miezi wakarudi wapagazi wachache, wakasema alianguka kwa homa njiani, wakamwacha. Baba yake alikuja misheni akilia kilio ambacho hakiigizwi. Tulimwombea marehemu. Mkewe alirudi kwa wazazi wake, Mwaya, na ng'ombe mmoja aliyesalia wa mahari akarudishwa ili ndoa ivunjwe vizuri. Ng'ombe huyo askari walimla mwezi ule ule. Mzee akabaki hana mtu, akaingizwa kwenye mgao, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku niliyoona nilichoona ilikuwa sokoni, Lyulilo. Nilikuwa nimetumwa kutafuta chungu cha kuchemshia maji shuleni, nikasimama nikikigonga hiki na kile kwa kidole.

"Mwalimu," akasema mama mnene niliyemfahamu, muuza usipa, dagaa wa ziwa letu, "unavigonga hivyo vyungu kama unataka kuoa. Chagua mmoja, tukuletee shemeji zako."

"Atauliza kama chungu kimebatizwa," akasema mwenzake.

"Kimepita motoni. Atake nini zaidi?"

Wakacheka. Mke wa zamani wa rafiki yangu alikuwa miongoni mwao, amekuja na mtumbwi kutoka Mwaya, ana kikapu kitupu miguuni. Na yeye alicheka. Kisha nikaona ameacha kucheka. Alijifunika kaniki kichwani, akajitupa nyuma ya lundo la vyungu, akakaa chini akiwa ameipa njia mgongo, uso umegusa magoti. Nilipogeuka nikamwona mzee anakuja na fimbo yake, anatazama juu ya vichwa vya watu, upande wa ziwa, kama mtu asiyeona kitu.

Huku kwetu mwanamke hamwoni baba wa mumewe. Haongei naye, hali mbele yake, akimwona njiani anaacha njia na kujifunika. Shuleni tulifundishwa kwamba ni ushirikina, nasi tukasema ndiyo, na wake zetu wakaendelea kujifunika, maana wanajua kwamba atakayedhurika wasipofanya hivyo ni mume, au mtoto aliye tumboni. Lakini ndoa ikiisha, na mwiko huu unaisha. Baada ya ng'ombe kurudishwa nilikuwa nimewasikia wawili hawa kwa masikio yangu wakisalimiana mlangoni pa kanisa. "Mugonile, tata," yaani salamu, baba, alisema yule mwanamke kwa sauti ndogo, na mzee alishtuka, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti ya mwanamke huyo. Walisalimiana hivyo miezi kadhaa. Sasa alikuwa amejikunyata nyuma ya vyungu.

Kisha yule mama wa usipa akasema kwa sauti ya kawaida, akinitazama mimi peke yangu, "Kichwa kinamuuma huyu tangu asubuhi. Jua la leo kali." Na wote wakarudia kazi zao. Hawakutazamana hata kidogo, na hilo ndilo lililonihakikishia kwamba wote wameona.

Nilirudi shuleni bila chungu.

Ingekuwa rahisi kama ningekuwa mmoja wao tu. Wao walinyamaza na kunyamaza kwao hakukumgharimu mtu waliyemwona. Mimi kila Jumamosi nilimwona. Nilikuwa napima pishi ya mzee, kisha nikiinua macho namwona bibi wa Kikisi nyuma kabisa, miguu ameinyoosha mbele, udongo mkavu kwenye kucha ingawa hakuna tena aliyenunua alichokifinyanga. Alikuwa anakonda. Mara ya mwisho alishindwa kuuvuta mtumbwi wake mchangani, vijana wakamsaidia, na mmoja akamtania kwamba mtumbwi umenenepa. Akasema, "Ndiyo, umekula mimi."

Nilianza kumpa nusu ya chakula changu. Haikuwa nyingi, na mama yangu na dada zangu walikuwa wanaitegemea nusu nyingine. Bibi hakukataa, ila hakukubali kupewa bure, na kila nilipompa aliacha chungu. Nilimwambia sina haja navyo. "Umekijaza," alisema, "ni chako." Vikajaa chumbani kwangu, na mama akaja akavitazama na kuniuliza kama sasa ninafungua duka, na kama ndivyo, je, wateja watakula vyungu. Baada ya wiki chache sikuweza kuendelea. Nusu yangu haikumnenepesha bibi, ila dada zangu walianza kuonekana mifupa.

Nikaenda kwa mzee. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, na nilipofika yalitoka mengine kabisa.

"Tata, nimemwona mkazamwana wako sokoni."

"Sina mkazamwana," akasema. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. "Ulikuja kunizikia mwanangu, umesahau? Uliimba vizuri."

"Alijificha."

"Wanawake wanajificha. Pengine alikuona wewe na hilo koti la misheni."

Yeye akaendelea kuchonga, kisha akaweka kisu chini.

"Unataka kujua, mwanangu, au unataka kwenda kusema? Maana ni safari mbili tofauti."

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na nadhani ndiyo sababu alinieleza.

Alisema mwanawe alipotangazwa amekufa aliamini kabisa. Aliingia kwenye mgao bila hila. Kisha siku moja, wakati wa palizi, alikuwa anakwenda mtoni na yule mwanamke alikuwa anakuja kutoka upande wa pili. Alikuwa ameshajiandaa kumwitikia salamu. Badala ya salamu, mwanamke alitupa mtungi, akakimbilia migombani na kujifunika.

"Nilikaa chini pale pale njiani," mzee alisema. "Nikajua amerudi. Nikajua mwanangu yuko mahali fulani anapumua, na huyu ni mkewe tena."

"Alikuambia yuko wapi?"

"Nani aniambie? Mwanangu sijamwona. Mkewe hawezi kunisemesha, nami siwezi kumsemesha. Siku ya mgao naweka mpunga kwenye shina la mgomba, nageuka, naondoka. Kesho yake haupo. Ndiyo mazungumzo yetu."

"Na wewe unakula nini?"

"Mizizi ya migomba. Usinihurumie, siyo mibaya sana ukilisahau jina lake."

Nikamwuliza anajuaje basi kwamba kijana yu hai. Labda alirudi akafa. Labda hakurudi kamwe, na huyo mwanamke ana njaa na wazazi wake wana njaa, na ameona kwamba akijificha mzee anaweka mpunga. Nilisema hayo kwa sababu yalikuwa yamenizunguka kichwani, na nilipokwisha kuyasema nilitamani kuyarudisha. Mzee hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo alilokwisha kujiuliza mwenyewe mara nyingi.

"Kila anaponikimbia," alisema, "mwanangu yu hai. Siku atakaponisalimia ndipo utakapokuja kuimba tena. Sina habari nyingine, na sitaki nyingine."

Nikamweleza habari za bibi wa Kikisi. Alikuwa anamfahamu, alikuwa na vyungu vyake viwili ndani. Nikamwomba ajitoe mwenyewe kwenye mgao, bila kelele, nafasi iende kwa bibi.

"Nijitoe nikisema nini? Kwamba nimeshiba? Mzee anayeacha mpunga mwaka huu, askari hawatakuja kumwona anakula nini?" Akachukua kisu chake. "Mlikula sinia moja na yule mtoto. Huyo bibi kweli hana mtu, na mimi ninaye, kama ninaye. Sheria ni yake. Mpunga ni wake. Nami sitauacha. Sasa nenda ukafikiri, maana ndiyo kazi waliyokufundisha."

Nikaenda nikafikiri. Niliona njia nyingi, na kila moja nilipoifuata iliishia pale pale.

Ningeweza kumwambia Bwana misheni peke yake, kwa siri. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio nilioogopa. Hapo nyuma mpagazi mmoja alikimbilia kanisani, na Bwana alimpeleka bomani kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea huruma, kwa sababu aliamini kwamba ukweli ukisemwa kwa upole unapokelewa kwa upole. Yule mtu hakurudi. Bwana alisikitika sana na angefanya vile vile tena.

Ningeweza kusema kwamba mzee ana mtu wa kumlisha, bila kumtaja ni nani. Lakini wangeuliza ni nani. Ningeweza kumtaja ndugu wa uongo. Wangemtafuta. Ningeweza kukaa kimya na kujiambia kwamba sina hakika, na kweli sikuwa na hakika: ushahidi wangu wote ulikuwa mgongo wa mwanamke nyuma ya vyungu. Ila nilijijua. Nikisema sina hakika, ningekuwa nautumia mkanganyiko wangu kama mahali pa kujificha, na bibi angeendelea kupiga kasia kuja kungoja kitu ambacho mimi nilijua hakitakuja.

Nilipima pia uhai wao, kama mtu anavyopima vitu visivyo na mizani. Upande mmoja kijana ambaye huenda hayupo, na mkewe ambaye yupo na angefungwa. Upande wa pili mwanamke mzee ambaye hata akipata mpunga huenda asifike mavuno. Nilipojikuta nikihesabu kwamba yeye ni mzee, niliacha kuhesabu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuliona lile wazo, na halikuondoka.

Nilimwomba Mungu anipe jibu na nikawa nasikiliza kwa makini. Kilichonijia ni mawazo yangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, yale yale.

Jumamosi moja Bwana misheni aliniita pembeni kabla hatujafungua ghala. Alikuwa amemtazama bibi akipanda kutoka ufukoni. Bibi alikuwa amesimama mara kadhaa njiani, ameshika magoti.

"Yule hawezi kungoja zaidi," alisema. "Boma halitaniongezea. Wewe ni mtu wa hapa, unawajua hawa wote na jamaa zao. Katika walio kwenye mstari, yuko mwenye mtu?"

Mstari ulikuwa umekwisha kukaa. Mzee alikuwa katikati, kapu lake magotini, anatazama upande wa ziwa. Hakututazama. Nilijua kwamba anajua ninaulizwa nini.

"Hayupo, Bwana," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Wote hawana mtu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaniamini, akaenda kufungua ghala.

Nilikuwa nimedhani kwamba nikishasema hivyo jambo litakuwa limekwisha, lakini ilikuwa nusu yake tu. Nusu ya pili niliifahamu niliposhika pishi na kumwona bibi nyuma kabisa, amekwisha kunyoosha miguu kwa ajili ya kungoja. Nikaliweka pishi juu ya gunia, nikapita kando ya mstari mpaka nyuma alikokuwa, nikachuchumaa.

"Bibi, mugonile."

"Ndaga, mjukuu wangu. Yuko aliyekufa?"

"Hayupo."

"Basi nitangoja."

"Usingoje, bibi. Nafasi haipo. Usije tena, unamaliza nguvu zako ziwani bure."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo pembeni, kwa moshi wa miaka mingi wa kuchoma vyungu.

"Hata wiki ijayo?"

"Hata wiki ijayo."

"Yuko aliyesema neno baya juu yangu?"

"Hapana, bibi. Hakuna."

"Maana mimi sina mtu. Wanaweza kuuliza kwetu. Sina."

"Wanajua. Najua."

Alingoja niendelee. Kisha akaweka kiganja chini, akajiinua nusu, nikamshika kiwiko mpaka akasimama. Hakusema ndaga. Alitazama juu ya bega langu, kule ghalani, ambako Bwana alikuwa anasukuma mlango na magunia yanaonekana, akageuka akaanza kuteremka.

Sikumtazama akifika mtumbwini. Niliitwa. Nikarudi, nikalishika pishi, nikaanza kupima, mmoja baada ya mwingine, na ilipofika zamu ya mzee alinisogezea kapu bila kuinua uso, nami nikampimia.